Kishale cha Kijani

Mugure alianza kazi ya maua mwaka wa tisini na sita, mimba yake ikiwa na miezi minne na mume wake akiwa amezikwa Kinangop mwezi mmoja tu kabla. Aliteremka Naivasha na begi moja na godoro, akapanga chumba Kihoto, upande ule wa karibu na ziwa ambako kodi ilikuwa nafuu kwa sababu mvua ikizidi maji hupanda mpaka mlangoni. Kesho yake alisimama kwenye foleni ya langoni pa shamba moja la waridi, barabara ya South Lake. Kufikia saa nne alikuwa ndani ya pakihausi, kile kibanda kirefu chenye baridi ambamo maua hupangwa na kufungwa, akipima mashina kwa rula iliyochorwa mezani: arobaini huku, hamsini huku, sitini huku.

Alikaa kwenye meza ile miaka kumi. Mtoto alizaliwa, akaitwa Sue, naye Mugure akawa Mama Sue kwa kila mtu, hata kwa wasimamizi. Vidole vyake viliota sugu za miiba. Aliweza kushika waridi akiwa amefumba macho na kukuambia limekatwa jana au leo, na litafunguka siku ngapi baada ya kufika Ulaya.

Ni kwa sababu ya ujuzi huo Madam Sonal alimtoa pakihausi. Sonal alikuwa binti wa mwenye shamba, amerudi kutoka masomoni, na baba yake alikuwa amempa ofisi ya mauzo aiongoze. Aligundua haraka kwamba makarani wake wenye diploma waliandika barua pepe nzuri lakini mnunuzi akiuliza ua limefunguka kiasi gani, hawakuwa na jibu. Basi akaenda mezani kwa wanawake, akauliza maswali yake, akachagua wawili. Mmoja alikuwa Mugure. Wa pili alikuwa Chepkurui, msichana wa Keringet, miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye mazungumzo machache na jicho ambalo halikukosea.

Mugure ni Mkikuyu na Chepkurui ni Mkipsigis. Kwa wakati huo jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa kuliko kujua nani anapenda chai ya tangawizi na nani haipendi. Walikula chakula cha mchana pamoja, githeri ya Mugure, yaani mahindi na maharagwe, na viazi vya Chepkurui kwenye bakuli moja. Jumapili nyingi Chepkurui alitoka Karagita, alikokuwa amepanga chumba kama wafanyakazi wengine wa maua, akaja Kihoto kumsuka Sue nywele. Jamleck, mdogo wake Mugure aliyekuwa fundi wa mbao na aliyekaa hapo kwa dada yake, alimtengenezea Chepkurui stuli na kukataa malipo.

Mwezi wa tano mwaka wa 2007, Sonal aliwaita mbele ya kompyuta. Aliwaambia kwamba ugomvi wa simu umekwisha.

Walijua anachosema. Kuuza maua kwa simu kulikuwa ni kugombana. Wewe unatazama orodha yako Naivasha, mnunuzi anatazama yake Uholanzi, unamwambia mstari wa saba, kwake mstari wa saba ni kitu kingine, na maua yanafika yasiyo yale aliyodhani. Sasa Sonal alikuwa amenunua programu ya kuvinjari pamoja. Ukurasa ukifunguliwa kwenye kompyuta moja, ulifunguka papo hapo kwenye zote zilizounganishwa. Mmoja akishuka chini ya orodha, wote wanashuka naye. Kila mtu alikuwa na kishale chake chenye rangi yake, kikitembea mbele ya macho ya wenzake, na pembeni kulikuwa na kisanduku cha kuandikiana. Usipoongea unaonyesha tu kwa kishale: hili hapa, na lile.

"Kaeni hapo," Sonal alisema. "Mimi naenda chumba cha pili. Msiguse kitu."

Wakakaa. Baada ya muda kishale kisicho chao kilitokea kwenye kioo, kikaanza kutembea polepole juu ya picha za waridi. Mugure aliondoa mkono wake mezani kama aliyeguswa na moto.

"Mama Sue," Chepkurui akasema, "ni Madam. Si jini."

Walizoea. Kila asubuhi picha za maua yaliyokatwa zilipakiwa kwenye ukurasa, na saa nne kamili Bi. Marijke, mnunuzi wao mkubwa, aliingia kutoka Uholanzi na kishale chake cha samawati. Mugure alipewa chekundu, Chepkurui kijani. Mugure ndiye aliyeandika, kwa sababu alikuwa amejifunza kuchapa kwenye darasa la kanisa. Chepkurui ndiye aliyetazama. Kishale cha kijani kilikimbia. Kilipita juu ya picha ishirini kwa pumzi moja, kikasimama juu ya moja, kikazunguka, na Mugure alijua bila kuambiwa: hili limefunguka mno, tuliondoe kabla mzungu hajaliona. Mtambo wa setilaiti juu ya paa ulikuwa wa polepole, na siku za mawingu mazito vishale viliruka kama panzi badala ya kutembea, lakini kazi ilikwenda. Bi. Marijke aliandika mwishoni mwa mwaka kwamba hajawahi kununua maua huku akilala vizuri hivi usiku.

Kisha kukawa na uchaguzi, tarehe ishirini na saba Desemba, na yaliyofuata yanajulikana na kila aliyekuwa Bonde la Ufa.

Mwanzoni yalikuwa mbali. Yalikuwa Eldoret, yakawa Kuresoi na Molo, Wakikuyu wakifukuzwa na nyumba zao zikichomwa. Watu walianza kufika Naivasha na Nakuru juu ya malori wakiwa na magodoro na kuku na hadithi ambazo husikilizi mara mbili. Miongoni mwao alikuwa shangazi wa Mugure, aliyetoroka shamba lake karibu na Keringet, kwao Chepkurui. Alikaa siku nne kwenye chumba cha Kihoto bila kusema neno. Siku ya tano alimwambia Jamleck alivyoona nyumba yake ikiisha, kisha akaendelea na safari kwa jamaa wengine.

Jamleck hakuwa mtu wa fujo. Lakini baada ya siku hiyo aliacha kula mezani. Chepkurui naye aliacha kuja Jumapili, na Mugure hakumwuliza kwa nini. Ofisini waliendelea kuketi bega kwa bega, kishale chekundu na cha kijani kwenye ukurasa mmoja, msimu wa Valentine ukikaribia. Waliongea kuhusu maua.

Jumapili ya tarehe ishirini na saba Januari, asubuhi, mji wa Naivasha ulilipuka.

Mugure alikuwa amefunga mlango na kuvuta kabati mbele yake. Sue alikuwa chini ya kitanda. Jamleck alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti. Nje barabarani vijana walipita makundi makundi wakiimba, na kila mtu Kihoto alikuwa amesikia tangazo lao: atakayeficha mtu asiye Mkikuyu atachomwa pamoja naye. Moshi ulikuwa ukitoka pande mbili.

Saa nne na kitu simu ililia. Ilikuwa ni Chepkurui.

"Mama Sue." Alikuwa ananong'ona. "Wameingia ploti ya pili hapa. Wanagonga mlango kwa mlango. Kuna njia huku nyuma, naweza kufuata uzio wa mashamba mpaka huko kwako. Nikuje?"

Mugure alimtazama ndugu yake. Jamleck alikuwa ameinua kichwa. Sauti ya simu ilisikika chumbani kote.

"Mama Sue? Nikuje?"

"Ngoja kidogo," Mugure alisema. "Nitakupigia."

Akakata. Alikaa na simu mkononi. Ililia tena, akaitazama mpaka ikanyamaza. Ililia mara ya pili. Kabla haijalia mara ya tatu aliishika kwa mikono miwili na kuizima, akaiweka chini ya mto. Jamleck hakusema kitu. Sue aliuliza kutoka chini ya kitanda, "Ni auntie Chep?" na mama yake akamwambia anyamaze.

Aliiwasha tena Jumanne. Alipiga. Mteja hakupatikana.

Jumatano lori la shamba liliwachukua waliothubutu kurudi kazini, polisi mbele na nyuma. Nusu ya meza za pakihausi zilikuwa tupu. Maua hayakuwa yamesubiri. Kwenye grinhausi mawaridi mekundu yalikuwa yamefunguka wazi kabisa juu ya miti yake, maelfu kwa maelfu, na wanawake waliyakata wakiyatupa. Stuli ya Jamleck ilikuwa bado kwenye ploti ya Karagita, jirani mmoja alisema. Yaani, miguu yake mitatu. Kingine chochote cha Chepkurui hakikuwepo. Aliko, hakuna aliyejua. Wengine walisema kituo cha polisi, walikolala maelfu ya watu uwanjani. Mugure alipanga kwenda kumtafuta huko. Alipanga Alhamisi, akapanga Ijumaa. Hakwenda.

Jumatatu Sonal aliingia ofisini akiwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Chepkurui amepatikana," alisema. "Yuko Nakuru. Alitoka na magari yaliyosindikizwa na jeshi, lakini njia ya kwenda kwao haipitiki, kwa hivyo yuko kwa shangazi yangu Bhagwanti, ghorofa ya juu ya duka lao. Nimempigia. Nimemwambia apumzike. Yeye ndiye aliyeniuliza kama tuna maua."

Mugure alisema, "Ni mzima?"

"Anasema ni mzima." Sonal alivuta kiti. "Sikia, Mama Sue. Marijke ametishia kununua kwingine. Anasema hajui tunachokata, na mimi nikimwonyesha picha haniamini, maana sina jicho. Duka la shangazi lina kompyuta na intaneti. Programu si inafanya kazi popote? Kesho saa tatu Chepkurui ataingia kutoka Nakuru. Mtafanya vile mlikuwa mnafanya."

Usiku huo Mugure hakula. Asubuhi alifika mapema, akafungua ukurasa, akapanga picha za maua ya alfajiri, akasubiri. Kishale chake chekundu kilikuwa peke yake kwenye kioo.

Saa tatu na dakika sita, cha kijani kilitokea kwenye kona ya chini.

Kilisimama pale muda mrefu. Halafu kikaanza kupanda, na Mugure akadhani ni mtambo wa setilaiti, kwa sababu hakikukimbia kama zamani. Kilikwenda kombo. Kilipita picha kiliyotaka, kikarudi, kikapita tena. Kilipofika kilitetemeka juu yake kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Lakini nje hakukuwa na wingu hata moja. Cha kwake mwenyewe kilitembea vizuri.

Sonal, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alisema taratibu, "Anatumia mkono wa kushoto. Sikukuambia. Wa kulia ulikatwa na waya wa uzio alipokuwa anaruka. Umeshonwa, bado una bandeji."

Mugure hakugeuka. Alishika kishale chake akakipeleka kando ya kile cha kijani, akakiacha hapo.

Kisandukuni pembeni yakatokea maneno, herufi moja baada ya nyingine, polepole sana. "Hii picha ya tatu. Imefunguka. Toa."

Akaitoa.

"Ya nane shina limepinda. Toa."

Akaitoa.

Saa nne Bi. Marijke aliingia na samawati yake, akaandika kwa Kiingereza kwamba anamshukuru Mungu kuwaona wote wawili. Cha kijani kikamwonyesha sentimita sitini, kikamwonyesha sabini, kwa mwendo ule wa kombo, na mwanamke yule wa Uholanzi akasubiri kila kilipopotea njia. Hakuuliza. Walimaliza saa saba mchana. Mzigo wa siku ile uliondoka na ndege.

Ikawa hivyo siku nane. Sijui kama kuna watu waliowahi kukaa karibu vile wakiwa mbali vile. Mugure alijua Chepkurui anapopiga chafya, kwa sababu kishale kiliruka. Alijua anapoletewa chai na Bhagwanti, kwa sababu kilisimama dakika tano na kurudi na kasi kidogo. Aliona mkono ule wa kushoto ukijifunza; siku ya nne ulikuwa ukifika kwenye picha bila kuipita. Lakini kwenye kisanduku hakukuandikwa neno lolote ambalo si la maua. Hakukuwa na habari ya asubuhi. Hakukuwa na "Mama Sue". Ilikuwa toa, acha, sawa, endelea.

Siku ya tisa, tarehe kumi na tatu Februari, mzigo wa mwisho wa Valentine ulikuwa tayari umekwenda na waliobaki walikuwa wakipanga maua ya kawaida. Bi. Marijke aliaga mapema. Sonal alitoka kwenda chumba cha baridi. Cha kijani kilikuwa kimesimama katikati ya ukurasa kwa zaidi ya robo saa, na Mugure aliamua kwamba Chepkurui ameenda kula.

Alivuta kibodi. Aliandika kwenye kisanduku: "Chep nisamehe. Siku ile nilikuwa na Jamleck na shangazi alikuwa ametuambia mambo ya kwao na niliogopa". Aliyasoma. Aliona jinsi Jamleck na shangazi walivyotangulia. Akafuta yote. Akaandika tena: "Chep nilizima simu makusudi." Akayatazama hayo kwa muda mrefu zaidi. Kisha akayafuta, herufi baada ya herufi, mpaka kisanduku kikawa cheupe.

Alikuwa amesahau, au labda akili yake haikuwa hapo. Katika programu ile hukuhitaji kutuma. Kila ulichoandika kilionekana kwa wenzako wakati ule ule unakiandika, na kila ulichofuta walikiona kikifutika. Sonal aliwaonya siku ya kwanza.

Kishale cha kijani kilisogea. Maneno yakaja polepole, kidole kimoja.

"Nimesoma kabla hujafuta."

Mugure aliweka mkono mdomoni.

"Sentimita hamsini ziko sawa," maneno yaliendelea. "Za arobaini punguza sanduku mbili. Endelea."

Naye akaendelea. Alipunguza sanduku mbili. Machozi yalimdondokea kwenye kibodi, akayafuta kwa kanga ya begani, akaandika "sawa", na cha kijani kikatoweka.

Kesho yake, siku yenyewe ya Valentine, ukurasa haukufunguliwa kwa sababu hakukuwa na cha kuuza. Mugure alikuwa amekaa nje ya pakihausi juani wakati simu ilipolia. Alipoona jina, aliitikia kabla haijalia mara ya pili.

"Mama Sue."

"Chep."

"Sitaki uniandikie kwa kompyuta. Unaandika unafuta. Niambie na mdomo."

Mugure alisimama. Alitembea mpaka nyuma ya matangi ya maji ambako hakukuwa na mtu.

"Nilizima simu," alisema. "Uliponipigia nilikuwa nimeishika. Niliiona ikilia nikaizima."

Kisha Chepkurui alisema, "Unajua nilifikiria nini? Mara ya kwanza ilinipa mlio, ya pili ikanipa mlio. Ya tatu nikaambiwa mteja hapatikani. Nikajua wameingia kwako. Nikasema wamemsikia akiongea na mimi, wamemuua kwa sababu yangu." Sauti yake haikupanda. "Nilikaa kituo cha polisi siku nne na mkono umefungwa na shati ya mtu. Sikuwa nalilia mkono. Nilikuwa nakulilia wewe na Sue. Wamama wa hapo waliniuliza ni nani yako aliyekufa, nikawaambia ni dada yangu."

Mugure aliegemea tangi la maji.

"Halafu Madam akanipigia Nakuru. Nikamwuliza kwanza, Mama Sue alizikwa wapi? Akaniambia, kwani umeota? Mama Sue yuko kazini tangu Jumatano."

"Chep, woi."

"Nakuuliza kitu kimoja. Jamleck ndiye alikukataza?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango. Mugure aliuona wazi, na alikuwa ameuona tangu Jumapili ile: kaka mwenye uchungu, mwanamume ndani ya nyumba, mwanamke afanye nini? Kila mtu Kihoto angeukubali. Jamleck mwenyewe labda angeukubali.

"Hapana," alisema. "Hakusema hata neno. Nilijikataza mwenyewe."

Alisikia Chepkurui akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na honi za Nakuru na mtu akishusha vitu dukani.

"Haya," Chepkurui alisema mwishowe. "Afadhali hujamsingizia." Baada ya muda akaongeza, "Jumatatu tufungue ukurasa saa tatu. Marijke anataka za rangi ya krimu." Akakata simu.

Wakafanya kazi hivyo mpaka mwisho wa Machi. Maneno kisandukuni yaliongezeka kidogo. Mara moja Chepkurui aliuliza kama Sue amerudi shule, na Mugure akamjibu kwamba amerudi, na wote wawili vishale vyao vikasimama. Nyumbani, Mugure alimweleza Jamleck yote aliyosema kwenye simu. Jamleck alisikiliza akipiga msasa mguu wa meza. "Ningekuwa nimemfungulia," alisema. "Ama pengine singemfungulia. Sijui, sista. Mungu hakuniuliza mimi, alikuuliza wewe." Hilo nalo Mugure alilibeba.

Njia ya Keringet ilipofunguka, Chepkurui alimwambia Sonal kwamba anakwenda nyumbani. Sonal alimsihi. Alimwambia anaweza kukaa Nakuru na kufanya kazi kwenye ukurasa miaka yote, Naivasha si lazima aione tena. Chepkurui alimshukuru sana, alimshukuru Bhagwanti, akakataa. Alisema amechoka kutazama picha za maua. Anataka kitu cha kushika. Siku ya mwisho aliingia saa tatu kama kawaida, akapitia picha zote pamoja na msichana mpya aliyeletwa kukaa kando ya Mugure, akimfundisha kwa kishale: angalia hapa, angalia jani hili. Kwa Mugure aliandika, "Kaa salama." Hakukuwa na jina mbele wala nyuma.

Mugure alikaa na hayo miezi minane. Alimwomba Chepkurui kwa simu ruhusa ya kumtembelea mara mbili, na mara zote mbili Chepkurui akamwambia bado. Mwezi wa Desemba alimpigia mara ya tatu, akaambiwa, "Kama unataka kuja, kuja. Lakini usilete kitu."

Alikwenda bila kitu. Hata sukari hakubeba, na kwa mwanamke wa kizazi chake huko kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu kulimwumiza kuliko safari. Alipanda gari mpaka Molo na lingine mpaka Keringet. Njiani aliona misingi ya nyumba ambazo hazikuwepo tena, majani yakiota katikati ya sakafu, na hakujua ni ipi ilikuwa ya shangazi yake. Baridi ilikuwa kali. Chepkurui alikuwa akimsubiri kando ya barabara akiwa na gambuti na sweta ya mwanamume. Alikuwa amenenepa kidogo. Waliposalimiana alinyoosha mkono wa kulia, na Mugure akauhisi: vidole viwili vya mwisho havikukunjika.

"Vinanisumbua kwa baridi," Chepkurui alisema. "Kwa jembe haviniangushi."

Alikuwa analima viazi vya mbegu na kina mama wengine. Alimwonyesha Mugure shamba, akamwonyesha ghala, akaeleza namna ya kuchagua: hiki kina jicho zuri, hiki kina ugonjwa, kitaharibu gunia. Mugure aliinama akaanza kuchagua naye. Walichagua karibu saa mbili, wakitupa vibaya upande mmoja. Hawakuongea sana. Mara mbili Chepkurui alirudisha kwenye rundo kiazi ambacho Mugure alikuwa amekitupa, na mara moja alitupa kile ambacho Mugure alikuwa amekikubali.

Jioni waliingia nyumbani. Mama yake Chepkurui, mama mzee aliyekuwa amevaa kofia ya sufu, aliketi karibu na moto. Alimtazama mgeni kwa muda, akamwuliza binti yake jambo kwa Kikipsigis. Mugure hakuelewa lugha, lakini swali alilielewa: huyu Mkikuyu ni nani yako? Kila mzazi angeliuliza mwaka ule.

Chepkurui alikuwa akimimina maziwa. Alijibu kwa Kiswahili, ili wote wawili wasikie.

"Tulifanya kazi pamoja."

Mama aliitikia kwa kichwa, akasogea kidogo kwenye benchi kumpa mgeni nafasi. Mugure akakaa. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa maziwa yote mpaka chini.

Alilala hapo, akaondoka asubuhi. Chepkurui alimsindikiza mpaka barabarani na akasimama naye mpaka gari likaja. Hawajaonana tena tangu hapo, ingawa mwezi wa nne wa kila mwaka, wakati wa kupanda, mmoja wao humpigia mwenzake kuuliza mvua imefika wapi.